Karatasi Chafu

Mama Gundi hakutaka kuona kikombe cha chai ndani ya chumba chake. Aliyejisahau akaingia nacho alitolewa mkuku, awe mfagiaji, awe mkurugenzi. "Mimea hii imeshakufa," alikuwa akisema, "wewe unataka kuiua mara ya pili kwa chai?" Watu walicheka, lakini vikombe walivibakisha nje, na chai iliyobaki waliimwaga pale pale kando ya mlango.

Kazi yake ilikuwa kuandaa mimea kwa ajili ya makabati ya jumba la mimea mikavu. Mmea ukiletwa kutoka porini, aliuosha mizizi, akaukandamiza kati ya magazeti mpaka ukakauka, akaulaza juu ya karatasi nene nyeupe na kuutia gundi. Pale gundi iliposhindwa, alishona kwa sindano na uzi. Pembeni chini alibandika kibandiko chenye maelezo: ni mmea gani, umechimbwa wapi, lini, na nani. Jina la mbandikaji haliandikwi, ndiyo kanuni. Karatasi huingia kabatini na harufu yake ya dawa ya nondo, ikakae humo miaka mia. Alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka ishirini na minane, ilibaki miezi minne astaafu, na sifa yake ilikuwa moja: usafi. Hapakuwa na mizizi misafi kama mizizi iliyopita mikononi mwa Mama Gundi.

Basi Jumatano moja, saa nne asubuhi, Daktari aliingia bila kikombe lakini na chungu cha udongo, jambo ambalo ni baya zaidi.

Daktari huyu hakuwa wa kutibu watu. Alikuwa binti wa miaka thelathini na kitu, aliyesomea mimea ya milimani, na Mama Gundi alimpenda ingawa hajawahi kumwona akifunga mlango wa kabati mpaka mwisho. Alitandika gazeti kwa adabu, akaweka chungu juu yake. Ndani palikuwa na mche mmoja, urefu wa kidole, majani yamegeuka manjano.

"Mama, imebaki kumi na minne," alisema. "Jana ilikuwa kumi na saba."

Mama Gundi hakuuliza miche ya nini. Jumba zima lilijua. Kulikuwa na ua moja la mlimani, jekundu, lililojiviringa juu kama kilemba, na wao waliliita hivyo hivyo, Kilemba. Kilikuwa kikiota kwenye ukingo mmoja tu wa mlima. Miaka miwili iliyopita mvua iliuporomosha ukingo ule wote bondeni, mawe, nyasi na kila kitu. Mbegu zilizobaki duniani ni konzi moja aliyokuwa ameichuma Daktari mwaka mmoja kabla. Miche hii ikifa, Kilemba kingebaki kabatini tu.

Na aliyekileta Kilemba jumbani kwa mara ya kwanza alikuwa dada yake Mama Gundi, aliyemtangulia kuzaliwa na kumtangulia kuajiriwa. Alikuwa mkusanyaji wa mimea, mwanamke wa mabuti na mkoba, na alifariki miaka sita iliyopita. Kila karatasi ya Kilemba ilikuwa na jina lake.

"Maji mnaipa?" Mama Gundi aliuliza.

"Maji tunaipa, mbolea tunaipa. Tatizo, huyu si wa kuishi peke yake." Daktari alivuta kiti. "Majani yake ni ya kijani, kwa hiyo chakula anajipikia mwenyewe. Lakini maji na chumvi za udongo hazimtoshi. Mizizi yake inakwenda kutafuta mizizi ya jirani, inaing'ang'ania kwa vifundo vidogo, inanyonya."

"Mdoezi."

"Nusu mdoezi, Mama. Anakuja na unga wake, anaomba mboga."

"Na huyo jirani ni nani?"

"Hapo ndipo tulipokwama. Nimempa nyasi aina tano, nimempa jamii ya kunde, zote amezikataa. Kwenye picha zangu za ukingoni nimehesabu mimea ishirini na sita iliyomzunguka. Miche ninayo kumi na minne. Siwezi kubahatisha." Alipangusa mikono. "Naomba nione karatasi zake. Huenda kwenye mizizi kuna kipande cha mwenzake."

Mama Gundi alifungua kabati, akazipanga mezani karatasi kumi, moja baada ya nyingine, kwa maringo kidogo. Zilikuwa nzuri, acha mchezo. Daktari aliinama na lenzi. Alikagua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kufikia ya saba alikuwa ameanza kutikisa kichwa.

"Mizizi hii ni misafi mno," alisema mwishowe. "Vifundo vyote vimekatika. Hakuna hata uzi wa jirani. Nani aliiosha hivi?"

"Nani tena? Mimi."

Siku nyingine yoyote angelitamka neno hilo kifua mbele. Siku hiyo alilisema akitazama meza.

Daktari alivuta daftari la makabati. "Mkusanyaji ana namba nyingine hapa. Mia mbili na kumi na mbili, ndiyo ya kwanza kabisa. Lakini kila ukaguzi umeandikwa haipo. Haipo, haipo, haipo, haipo. Mara nne. Mwandiko huu si wako, Mama?"

"Wangu."

"Iliibwa?"

"Vitu hupotea," alisema Mama Gundi, akaanza kukaza kifuniko cha chupa ya gundi kilichokuwa kimekazwa tayari.

Sasa tusidanganyane. Karatasi namba 212 haikuwa imepotea. Ilikuwa nyumbani kwake Mama Gundi, nyuma ya kabati la nguo, ndani ya foronya, na ilikuwa huko kwa miaka kumi na tisa.

Ilikuwa karatasi yake ya kwanza. Wiki ile alikuwa mgeni kazini, hajui hata gundi ipi ni ya nini. Dada yake alishuka mlimani na ua lile jekundu likiwa na bonge zima la udongo. "Usilioshe," alimwambia. "Nimelichimba na mwenzake makusudi. Hawa wawili wameshikana huko chini." Dada mkubwa akisema, mdogo hutii. Alilikandamiza na bonge lake, akalibandika na bonge lake, udongo ukamwagika, gundi ikawa tope. Dada yake alifurahi mpaka akapiga kofi mezani. Akaandika kibandiko kwa mkono wake, na chini kabisa, kinyume cha kanuni, akaongeza: *Mbandikaji: mdogo wangu.*

Mkuu wa chumba wakati huo alikuwa mzee mmoja waliyemwita Mzee Brashi, kwa sababu ya brashi laini aliyoichomeka sikioni kama kalamu. Aliinyanyua karatasi ile mbele ya watu wote wakati wa chai. "Jamani, hii ni karatasi au ni shamba? Tulime?" Watu wakaanza kucheka. "Na mbandikaji ni mdogo wangu! Mdogo wangu mimi?" Wakashika mbavu. Karatasi ikaingia kwenye droo la mifano mibaya, na kwa miaka tisa kila mfanyakazi mpya alionyeshwa namna ya kutofanya kazi.

Tangu siku ile aliosha. Dada yake aliteremsha Kilemba mara kumi zaidi, kila mara na bonge lake, kila mara na ombi lile lile, na mara zote kumi mdogo mtu alikitia kwenye beseni, akang'oa kila kilichokishikilia na kukitupa. Waligombana kwa ajili ya jambo hilo mpaka wakaacha kutembeleana sikukuu mbili mfululizo. Mara ya mwisho dada yake hakuomba tena. Aliliweka bonge mezani, akasema, "Haya, osha maiti wako," akatoka.

Mzee Brashi alipostaafu, funguo zikaja kwa Mama Gundi, na kitu cha kwanza alichofungua kilikuwa droo lile. Aliitoa karatasi akaificha chini ya koti, nia yake kwenda kuichoma. Kiberiti alikiwasha, tena mara mbili. Lakini kila alipoisogeza njiti aliyasoma yale maneno, mdogo wangu, mkono ukakataa. Kuirudisha nako aliona aibu. Na dada yake alipofariki, ndiyo kabisa, hakuweza kuachana nayo. Sheria ya jumba ilikuwa wazi: anayetoa karatasi nje bila kibali, kazi hana.

Jioni ile, baada ya Daktari kuondoka, alizunguka nyuma ya jengo kwenda kwenye vitalu. Msimamizi wa vitalu alikuwa shemeji yake, mume wa marehemu dada yake, mzee mwembamba wa kofia ya jua.

"Shemeji!" alipaza sauti. "Leo umefufuka kutoka makabatini?"

"Nimekuja kuangalia kama wewe bado unapumua."

"Kwa shida. Karibu, lakini usikanyage huo mpira wa maji."

Alikuwa amechuchumaa mbele ya vyungu kumi na vinne, anang'oa magugu kwa ncha za vidole. Kwenye sahani kando yake palikuwa na rundo dogo la kijimmea kitambaazi chenye vijani vya duara.

"Hili gugu nimelipa jina, naliita Sikomi," alisema. "Lilikuja na udongo wa mlimani. Nang'oa asubuhi, jioni lipo. Dogo hivi, linajificha chini ya nyasi, hata kwenye picha za Daktari halionekani. Lakini kwangu limekwama. Tazama vyungu vyangu, utadhani vimepigwa deki."

"Na ukoka mlijaribu?"

"Tulijaribu. Tulimvika kilemba cha ukoka, akatushtukia." Alicheka peke yake, halafu kicheko kikakatika. Alikinyanyua chungu kimoja, akakigeuzageuza. Mche wake ulikuwa umelala. "Mke wangu ameniachia vitu viwili, ua hili na koti lake la mvua. Koti limeshachanika. Hili likinifia mikononi, Shemeji, nitakuwa nimemzika mara mbili."

Mama Gundi alimwambia ale, asishinde na njaa, akaondoka.

Unadhani alikimbia nyumbani kuvuta kabati? Wapi! Alhamisi alikuja kazini akabandika mimea mingine, kichwa chini, kama mtu asiyehusika. Alijipigia mahesabu yote ya mwoga. Miezi minne tu. Miaka ishirini na minane ya heshima. Daktari atamwonaje? Na pengine karatasi yenyewe haisaidii kitu. Ijumaa asubuhi Daktari alichungulia mlangoni, macho mekundu, akasema, "Kumi na mmoja, Mama," akaenda zake.

Mitatu. Mitatu ilikuwa imekufa tangu Jumatano, yeye akiwa amekalia dawa. Mama Gundi alijichukia siku ile kuliko alivyowahi kumchukia Mzee Brashi. Alivua aproni, akaaga kwamba anakwenda nyumbani mara moja, na saa saba mchana alikuwa mbele ya kabati lake la nguo, analisukuma kwa bega huku akisema kwa sauti, "Mficha uchi hazai, mwanamke wewe, mficha uchi hazai."

Aliwakuta Daktari na Shemeji kwenye banda la vitalu. Aliipangusa meza ya kupandia kwa kiwiko, akaitoa karatasi kwenye foronya na kuilaza.

"Haikupotea," alisema. "Niliichukua mimi, miaka kumi na tisa iliyopita. Na kila nilipoandika haipo, nilijua ipo kwangu. Mche ule wa Jumatano na mingine miwili imekufa kwa sababu yangu."

Daktari alimgeukia.

"Itazame kwanza," Mama Gundi alimwambia. "Kunifukuza kutasubiri."

Shemeji yeye hakuwa akitazama mmea. Alikuwa akitazama mwandiko wa mkewe. Aliugusa kwa ncha ya kidole, akaondoa mkono haraka kama aliyeguswa na moto.

Daktari aliinama na lenzi. Bonge lilikuwa limekauka na kupasuka, lakini lilikuwa zima. Ndani yake mizizi minene ya Kilemba ilikuwa imesukana na mingine myembamba, ya rangi ya kutu, na kila ilipokutana palikuwa na kifundo kimeng'ang'ania kama kupe. Alihesabu kwa sauti ya chini: sita, tisa, kumi na mbili. Kisha akaufuata mzizi ule mwembamba polepole kwa ncha ya sindano, juu, juu, mpaka ulipotokeza kwenye udongo. Palikuwa na kijishina kilicholala chini, na vijani vitatu vya duara, vimekauka rangi ya chai.

"Jirani ndiye huyu," alisema. "Lakini simfahamu. Hayumo kwenye picha."

"Hebu nipishe." Shemeji alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa. Aliinama. Alikaa ameinama muda mrefu kiasi kwamba Mama Gundi alidhani mgongo umemshika.

"Sikomi," alisema.

"Nini?"

"Sikomi! Lile gugu langu!" Alikaa chini pale pale sakafuni, kofia ikamwanguka. "Miezi mitano, jamani. Kila siku ya Mungu. Nimemwachisha mtoto ziwa asubuhi na jioni, halafu namuuliza mbona hunenepi!"

Alilia bila kujificha. Mama Gundi aliinua sketi kidogo, akakaa sakafuni kando yake, jambo ambalo magoti yake hayakulifurahia.

"Wewe umeng'oa miezi mitano," alimwambia. "Mimi nimeosha miaka. Mara kumi aliniambia usioshe, mara kumi nikaosha. Sogea tukae wote."

Daktari aliwaacha kidogo, halafu akasema kwa upole kwamba miche bado kumi na mmoja, na Sikomi inatakiwa leo.

Hapo ndipo palipokuwa na kichekesho. Sikomi haikuwepo. Shemeji alikuwa hodari kupita kiasi: vyunguni imekwisha, na rundo la sahani alikuwa amelichoma asubuhi ile ile. Watu watatu wazima walipiga magoti kuzunguka jengo zima, wakikagua mifereji na nyufa, wafagiaji wakiwatazama kwa wasiwasi. Walipata shina moja nyuma ya tangi la maji. Na mengine, zulia zima la Sikomi nene na la kijani, waliyakuta kando ya mlango wa Mama Gundi, pale watu walipokuwa wakimwaga chai yao iliyobaki. Udongo wa mlimani ulikuwa umeletwa na viatu vya Daktari.

"Na huyu akinyonywa hafi?" Shemeji aliuliza, anaipanda Sikomi chunguni kwa vidole vile vile vilivyokuwa vikiing'oa.

"Atadhoofu kidogo. Hafi."

"Zimwi likujualo halikuli likakwisha," alisema Shemeji, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatano akatabasamu.

Mambo mengine yalikwenda kama yanavyokwenda. Mama Gundi aliandika mwenyewe kwenye daftari, chini ya zile haipo nne: *Ipo. Ilikuwa kwangu.* Akaweka sahihi. Kamati ya jumba ilimwita, ikamsikiliza, na kwa kuwa aliirudisha karatasi mwenyewe, ikampa barua ya onyo kali na kumnyang'anya funguo, akaachwa amalizie miezi yake mezani. Wapo walionong'ona kwenye korido. Wapo walioacha kumsalimia, na mmoja aliingia na kikombe cha chai makusudi, akatolewa mkuku kama zamani.

Katika ile miche kumi na mmoja, mitatu haikuwahi. Minane, baada ya wiki tatu, ilianza kurudisha rangi ya kijani kuanzia jani la chini. Shemeji alihamia bandani, nusura apeleke na godoro. Na wiki ya mwisho ya Mama Gundi kazini, saba kati ya ile minane ilitoa maua, mekundu kwelikweli, yamejiviringa.

Siku tatu kabla hajaondoka, mpira wa maji ulimponyoka Shemeji, ukaupiga mmoja uliochanua ukakatika shingoni. Alitukana mpira ule matusi ya watu wazima. Kisha akaung'oa mmea na bonge lake lote, Sikomi ikiwa imeukumbatia, akaubeba kwa mikono miwili mpaka mezani kwa Mama Gundi. Daktari alimfuata nyuma.

"Huu ni wa kabatini," Daktari alisema. "Wa kwanza kuandaliwa tangu mlima uporomoke. Tunaomba uwe wako, Mama."

Beseni lilikuwa tayari mezani, limejaa maji. Alikuwa amelijaza bila kufikiri, kwa mazoea ya miaka ishirini na minane. Alilitazama, akalinyanyua, akatoka nalo mpaka mlangoni akaimwagia Sikomi maji yote.

Aliukandamiza mmea na udongo wake. Kulipokucha siku ya mwisho ulikuwa umekauka, akaulaza kwenye karatasi, bonge likamwaga vumbi kila mahali, gundi ikawa tope kama ile ya zamani. Alishona bonge kwa uzi sehemu nane. Halafu akachukua kibandiko, akaandika mmea gani, mbegu zimetoka wapi, nani kazichuma, nani kaziotesha. Chini kabisa akaongeza mstari mmoja, akageuza karatasi ili Daktari na Shemeji, waliokuja kumuaga, wasome.

*Mbandikaji: mdogo wake.*

"Mama," alisema Daktari, "kanuni..."

"Funguo mmeshachukua. Mtanichukulia nini tena?"

Shemeji aliyasoma maneno yale mara mbili. Alikohoa, akavua kofia, akaivaa. "Angekuwepo akaiona hii," alisema.

"Angesema nimechelewa," Mama Gundi alimjibu, na hapo akalia, mbele ya watu, kwa sauti, uso wake ameugeuzia dirishani ili chozi lisidondokee karatasi.